Oksijeni si ya wanaokata roho pekee

Wasee, leo hakuna vidio. Leo nimeandika, juu kuna mambo nikiyasema mbele ya kamera watu wanaanza kutafuta mahali pa kucheka.

Wiki iliyopita niliweka klipu ya sekunde 9, nimekaa kwa kitanda na maski ya oksijeni usoni. Sikuwa nimepanga kuiweka. Kufika asubuhi komenti zimejaa. "Pole bro, ni Covid imerudi?" "Hayo ni mapafu, enda hospitali." "Tuma namba ya M-Pesa tuchange kitu." Na yule hakosekani: "Huyu anasaka laiki tu."

Mapafu yangu ni mazima. Natembea kutoka stage ya Makutano hadi Meru mjini bila kuhema (Makutano hii yetu ya Meru, sio ile ya njia panda ukitoka Embu kwenda Nairobi). Kitu kinachonipeleka kwa maski ni kichwa.

Najua vile hiyo inasikika. Kila mtu huumwa na kichwa. Unakunywa maji, unameza Panadol, unalala, unaamka fiti. Shida ni kwamba lugha imetupa neno moja kwa vitu viwili visivyofanana hata kidogo.

Hii yangu inaitwa klasta, juu inakuja kwa mafungu. Wiki kadhaa mfululizo inakupiga karibu kila siku, kisha inapotea miezi mizima unasahau kama iliwahi kuwa. Inakaa upande mmoja, nyuma ya jicho, kama mtu anasukuma msumari wa moto kutoka ndani akitafuta njia ya kutokea. Jicho la upande huo linatoa machozi, kope inalegea, pua inaziba ama inatiririka. Shambulizi moja ni dakika 15 hadi saa 3. Kwa wengine ni kila siku ya pili, kwa wengine hadi mara 8 kwa siku moja. Mtu wa kipandauso hutaka giza na kimya. Mtu wa klasta hawezi kutulia: anazunguka nyumba, anatoka nje usiku bila viatu, anagonga kichwa kwa ukuta. Inapata kama mtu 1 kati ya 1,000. Kwa mji wa watu 50,000, hao ni kama 50, na wengi wao wanaambiwa ni sainasi.

Yangu huja saa nane usiku. Nimeshindwa kuamka mapema kwa kengele ya simu maisha yangu yote, lakini hiyo haijawahi kunikosa.

Ilianza nikiwa mwaka wa pili chuo. Mathe alisema ni miraa. Nikaacha miraa, kichwa hakikuacha. Kliniki moja ikasema sainasi, nikameza antibiotiki mara tatu. Daktari wa meno akang'oa gego la juu, na lilikuwa zima, bado niko nalo kwa droo. Jirani akamwambia mathe kuna mtu wa nyumbani ametuma kitu. Mathe ni mtu wa kanisa, lakini siku hiyo nilimwona akifikiria.

Halafu nikakosa mtihani. Nilipeleka barua ya kliniki, na barua ilisema nilikuwa na maumivu ya kichwa. Mama wa ofisini akaisoma, akavua miwani, akaniambia kwa upole kabisa: "Kijana, sisi sote tunaumwa na kichwa." Sisemi ni chuo gani, na sitasingizia klasta kwa kila kitu, juu karo pia ilikuwa imechelewa. Lakini nilitoka hiyo ofisi nikijua sitarudi. Leo nikiwa na wafuasi wachache hapa, watu huniandikia kwamba nilikuwa jasiri kuacha shule nifuate ndoto. Haikuwa ndoto, mtu wangu. Nilikuwa silali.

Daktari wa neva nilimpata Nairobi, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, na nauli alitoa mathe. Aliniuliza swali moja ambalo hakuna mtu alikuwa ameniuliza: "Ikianza, unalala chini ama unatembea?" Nikajibu natembea. Akaweka kalamu chini akasema, "Basi wacha nikuambie unaugua nini." Nililia mbele ya mtu ambaye nilikuwa nimemjua dakika kumi.

Aliandika mambo mawili. La kwanza ni verapamili, dawa ya kumeza kila siku kupunguza mashambulizi, na kabla ya kuanza unapimwa mpigo wa moyo kwa mashine. La pili ni oksijeni safi, lita 12 hadi 15 kwa dakika, dakika 15 hadi 20, kwa maski ile yenye mfuko isiyokurudishia pumzi yako. Panadol haifai hapa, juu shambulizi hufika kilele kabla kidonge hakijafika tumboni vizuri. Kuna sindano ya sumatriptani ambayo hufanya kazi haraka, lakini haifai kila mtu, hasa mwenye shida ya moyo, na huwezi kujidunga kila saa. Oksijeni unaweza kurudia.

Na hii sio stori ya mganga. Madaktari wamekuwa wakitumia oksijeni kwa klasta tangu miaka ya 1950. Mwaka 2009 watafiti wa London walichapisha kazi yao: wagonjwa walipewa mitungi bila kujua ipi ni oksijeni na ipi ni hewa ya kawaida. Kwenye oksijeni, mashambulizi 78 kati ya 100 yaliisha ama yakapoa vya kutosha ndani ya dakika 15. Kwenye hewa ya kawaida, 20. Yaani tofauti unaiona hata kama ulifeli hesabu.

Basi nikarudi Makutano na karatasi yangu, nimefurahi kama mtu amepata kazi. Nikaingia duka la kwanza la vifaa vya hospitali. Dada akaniuliza:

"Oksijeni ni ya nani? Mgonjwa yuko wapi?"

"Ni mimi."

Akaniangalia kutoka juu hadi chini. "Lakini wewe umesimama."

Hapo ndipo nataka tuketi kidogo, juu hiyo sentensi ndiyo shida yetu yote.

Sisi oksijeni tulijulishwa vibaya. Wengi wetu tuliijua 2020 na 2021, wakati watu walikuwa wanatafuta mitungi usiku na jamaa wanafariki kabla haijapatikana. Kabla ya hapo ilikuwa kitu cha sinema: ukiwekewa maski, familia inaitwa. Kwa hivyo kwa akili ya Mkenya, oksijeni ni kituo cha mwisho kabla ya mochari. Ukiwa umesimama, unaongea na unaweka vidio, huwezi kuwa unaihitaji. Na kama hauonekani kufa, basi ukitaka oksijeni nyumbani unajidekeza.

Ukweli ni kwamba ni dawa kama dawa nyingine. Ina kipimo, ina muda, ina watu inaowafaa na watu inaoweza kuwadhuru. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, kwa mfano, anaweza kuumizwa na oksijeni nyingi, kwa hivyo usinunue mtungi juu ya kusoma hii. Lakini daktari akikuandikia, umeandikiwa dawa.

Kichekesho ni kwamba ukuta mmoja kutoka keja yangu kuna fundi wa welding, na fundi ana mtungi wa oksijeni. Usiku nikipigwa na klasta, nilikuwa najua dawa yangu iko mita 4 kutoka kitandani, imefungwa kwa mnyororo, ikingojea asubuhi ikate geti la mtu. Siku moja nilimfuata nikamwomba. Akakataa, na nashukuru alikataa. "Kijana wangu, hii ni ya chuma, si ya pua ya mtu. Hujui imepitia wapi." Yuko sawa. Mtungi wa karakana haukusafishwa wala kukaguliwa kwa ajili ya mgonjwa, na geji yake inapima presha, sio lita kwa dakika. Najua kuna wasee nje huko wamejaribu juu ya maumivu. Siwahukumu, lakini msijaribu.

Wengine waliniambia ninunue mashine ya umeme, zile zilijaa wakati wa Covid zinazochuja oksijeni kutoka kwa hewa. Nyingi hutoa lita 5 kwa dakika, kubwa zaidi 10. Mimi nahitaji 12 hadi 15. Na stima ikipotea saa nane usiku, mashine imekuwa stuli.

Kwa hivyo ni mtungi. Dipoziti yake peke yake ilizidi kodi yangu ya miezi 4. Ongeza regyuleta ya hospitali yenye kipimo kinachofika lita 15. Ongeza maski, ambayo ndiyo rahisi kuliko vyote. Ongeza Probox ya kuubeba, juu hakuna mtu wa boda mwenye akili atabeba huo mzigo. Mathe aliuza mbuzi wawili, mimi nikauza taa yangu ya kurekodia na nikafuliza zilizobaki. Kuna wiki nzima nilirekodi na mwanga wa dirisha na mkaniambia nimepata "staili mpya". Asanteni.

Usiku wa kwanza nilivaa maski saa nane na dakika tano. Unakaa, unainama mbele kidogo, unashikilia maski ikaze usoni, unapumua kwa kina. Dakika tano hakuna kitu. Dakika nane nikaanza kuskia kama mtu anapunguza sauti ya redio. Dakika ya kumi na tatu nilikuwa nimekaa kwenye ukimya wa bedsita yangu, jicho limelowa, na hakuna maumivu. Nilimpigia mathe. Alidhani nimekufa, juu nani hupiga simu saa hiyo? Nikamwambia, "Mum, imeisha." Akauliza, "Nini imeisha?" Nikamwambia tu tena imeisha.

Sasa tuongee pesa, maanake hapa ndipo watu hunipinga. Kuna mtu alikomenti, na kwa heshima: "Hospitali zenyewe zimewahi kukosa oksijeni. Wewe unataka ya nyumbani?" Ni swali la haki. Tupige hesabu.

Mgonjwa wa wodi anayepewa lita 5 kwa dakika, usiku na mchana, anatumia lita 7,200 kwa siku moja. Mimi shambulizi moja, lita 15 kwa dakika kwa dakika 15, natumia lita 225. Nikitumia lita 12, ni 180. Yaani oksijeni ya mgonjwa mmoja wa wodi kwa siku moja inatosha mashambulizi yangu kati ya 32 na 40. Mtungi wangu ni wa lita 6,800, na ukijaa unanipitisha mashambulizi 30. Na sitaki mwaka mzima. Nataka wiki zile za fungu, kisha mtungi urudi kwa mwenyewe. Siku oksijeni ikipungua, mtu wa wodi apewe kwanza, hapo sibishani hata dakika. Lakini siku za kawaida, usiniambie mimi ndiye ninayemaliza oksijeni ya nchi.

Na msidhani ni sisi tu tuko nyuma. Marekani, pamoja na pesa zao zote, bima ya serikali ya Medicare ilikataa 2011 kulipia oksijeni ya nyumbani kwa klasta isipokuwa kwa walio ndani ya utafiti, na hiyo kanuni haikuondolewa hadi 2021. Miaka 10 watu wanaomba hewa. Uingereza nako daktari anajaza fomu, mtungi unaletwa mlangoni, na kampuni inakuja kuubadilisha. Kwa hivyo inawezekana. Ni mtu kuamua na kuandika.

Hapa kwetu SHA ilianza kazi Oktoba 2024. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na hata sisi wa hasla tunapimwa uwezo na kulipa, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi. Sasa ombi langu ni dogo na liko wazi. Kwenye orodha ya huduma iandikwe kwa jina: klasta, oksijeni ya nyumbani, mtungi wa kukodi na kujaziwa, kwa muda ambao daktari ameandika. Na hospitali ya kaunti yenye mtambo wake wa oksijeni iwe na dirisha ambapo mgonjwa wa nje aliye na barua anaweza kubadilisha mtungi mtupu kwa uliojaa. Kuna kampuni ya Kenya inaitwa Hewatele, jina limekaa vizuri kabisa, iliyoanza kazi yake kwa kutengeneza oksijeni karibu na hospitali za mashinani ili isitoke mbali. Kama hewa iko tele, haifai kunigeuza mimi kuwa harambee.

Na hapo narudi kwa wale mliotaka kuchanga. Nawapenda, na sitachukua. Mchango ni wa dharura. Mchango unategemea unajulikana kiasi gani, una wafuasi wangapi, na kama stori yako inaliza watu. Mimi niko na kamera. Yule mama wa kuuza ndizi pale sokoni anayeshika jicho kila usiku hana. Akienda kuomba mchango wa "kichwa" kwenye kikundi cha WhatsApp cha kijiji, mnajua atajibiwa nini. Akifa, kikundi hicho hicho kitachanga jeneza, mahema na pilau kwa siku tatu. Sisi tunachangia mtu haraka zaidi akiwa amelala. Mimi nauliza tumsaidie akiwa bado anatembea.

Kwa wale tayari mna mtungi nyumbani, hasa sisi wa bedsita ambapo kitanda, jiko na kabati vinasalimiana: oksijeni haiungui yenyewe, lakini inafanya kila kitu kingine kiungue vibaya. Usivute sigara hapo, na usiruhusu mgeni avute. Kabla sijafungua mtungi nahakikisha gesi imezimwa kabisa, na jiko la makaa halikai ndani. Fungua dirisha. Mtungi usimame, ufungwe kwa mnyororo ukutani, juu ukianguka na valvu ivunjike unakuwa kombora. Usiguse regyuleta na mikono yenye mafuta, na usijipake mafuta ya mgando usoni kabla ya maski. Najua Meru ni baridi mwezi wa saba na kila mtu anang'aa Arimis. Osha uso kwanza.

Na kwa wewe unayesoma hii saa tisa usiku jicho likitoa machozi: wewe sio mwendawazimu na hujarogwa. Mwambie daktari maneno haya hasa: upande mmoja, nyuma ya jicho, machozi, saa ile ile, na siwezi kutulia. Andika tarehe na saa kwa simu, mwezi mzima, umpelekee. Pombe iache ukiwa ndani ya fungu, juu inaweza kuamsha shambulizi. Kuna usiku nimefikiria mambo ambayo sitayaandika hapa. Ukifika hapo, amsha mtu usiku huo huo. Gonga ukuta kama huna mtu. Mimi niligonga, fundi wa welding akaja na blanketi, akaketi na mimi hadi kukapambazuka bila kuniuliza swali hata moja.

Hii ni wiki ya tano ya fungu hili. Geji inasoma robo, ambayo ni mashambulizi saba kama nitabana. Probox nimeshaongea nayo ya Ijumaa.